Mtambo unakula yaka, mke wangu amezima friji

Salaam Mjomba,

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, nakaa Busia upande wa Uganda, nina mke na watoto wawili. Nina kibanda cha kutengeneza simu na kupiga picha za paspoti karibu na maegesho ya malori. Kibanda hicho ndicho kimetulisha miaka yote na sijakiacha.

Mwanzoni mwa mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa yuko Kampala, alinionyesha mtambo wa kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kompyuta inayopiga hesabu mfululizo ikishindana na nyingine ili ilipwe sarafu. Ni fremu ya chuma yenye kadi sita za grafiki, zile za kuchakata picha kwenye kompyuta, aina ya RTX 3060 Ti, zote zimeshatumika. Alisema anahama nyumba, hana pa kuuweka, ataniachia kwa shilingi milioni 7 na nusu. Akanifungulia kikokotoo kwenye simu kinachosema faida ni dola 3 kila siku. Picha yake nimeiambatisha hapa. Wakati ule bitcoin ilikuwa imevuka dola 100,000 na kila kijana alikuwa anaizungumzia. Nilikopa milioni 4 kwenye SACCO yetu. Dada yangu mkubwa, ambaye ni nesi kule Tororo, akanipa milioni 3 na nusu alizokuwa amezitenga kwa ajili ya bati za nyumba yake.

Mtambo niliuweka kwenye stoo ndogo ya nyuma tuliyokuwa tunahifadhia mahindi. Unanguruma usiku na mchana, labda umeme ukatike, na kwetu unakatika kama saa tatu hivi kwa siku ukijumlisha. Fundi wa umeme alikuja na kipimo chake akaniambia unavuta wati 950. Programu inanilipa kwa bitcoin. Mwezi uliopita niliingiza dola 41, nikambadilishia mtu tuliyejuana mtandaoni, nikapata shilingi 147,000 kwenye simu.

Shida yangu, Mjomba, ni yaka, huu umeme wa kulipia kabla. Nyumbani tuna mita moja. Nikiweka shilingi 50,000 napata uniti 56. Zamani hizo zilitupeleka wiki tatu. Sasa siku ya tatu haijaisha mita inaanza kulia. Mimi ndiye ninayenunua, kwa simu yangu, elfu 20 leo, elfu 20 kesho kutwa, kwa hiyo sijawahi kukaa nikajumlisha.

Mke wangu alikuwa na friji ya kuuzia soda, maji na juisi ya pasheni pale mlangoni. Mita ilipozidi kulia aliniuliza ni kitu gani kinakula umeme namna hii. Nilishindwa kumwambia. Nikasema labda ni friji, imezeeka. Mjomba, jioni ileile aliichomoa. Sasa anauza soda ndani ya beseni la maji, na wateja wake wamehamia kwa jirani. Huu ni mwezi wa pili.

SACCO wananidai milioni 2 na laki 6. Dada yangu hajaniuliza kitu, lakini mvua ziko njiani na nyumba yake imesimama kuta tupu. Rafiki yangu naye ananipa moyo: anasema kosa ni kuwa na kadi chache, niongeze nne, halafu nisiuze sarafu mpaka bei ipande, maana wenye subira ndio wanaokula. Anasema karatasi za kiwanja changu zinatosha kukopea. Mtu mwingine ameniambia nifunge sola ili umeme uwe wa bure.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito. Tundu moja la ekstensheni limegeuka rangi ya kahawia, na usiku nikipita pale nasikia harufu kama ya plastiki. Watoto wanalala chumba kinachopakana na stoo hiyo.

Niongeze kadi, nivumilie, au nizime?

Mchimbaji wa Busia

Mpwa wangu,

Naanza na lile uliloliweka mwisho. Ukimaliza aya hii, weka simu chini, nenda stoo, zima mtambo, na hiyo ekstensheni usiitumie tena kwa kitu chochote. Tundu linageuka kahawia kwa sababu linaungua pole pole. Wati 950 ni chini ya pasi nyingi za umeme, lakini pasi unaichomoa ukishamaliza mashati. Mtambo wako unavuta mzigo huohuo saa 21 kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwenye tundu ambalo pengine limelegea. Kisha chungulia vile vibao vidogo vilivyobeba kadi na uone vinapata umeme kwa waya gani. Kama waya zina vichwa bapa vya SATA, vile vya kuunganishia diski za kompyuta, ujue kichwa kimoja kimetengenezwa kubeba wati 54, na kadi inaweza kuvuta mpaka 75 kupitia kibao hicho. Nimewahi kuvishika kwa mkono vikiwa vimeyeyuka na kugandana. Watoto wako wanalala ukuta mmoja na hivyo vitu.

Umezima? Sasa tuhesabu, maana barua yako imebeba hesabu yote, ni vile hujaipanga.

Wati 950 kwa saa 21 ni uniti 20 kwa siku. Shilingi 50,000 zikikupa uniti 56, kila uniti inakugharimu kama 890. Kwa hiyo mtambo unakula shilingi 17,800 kila siku ya Mungu, na 534,000 kwa mwezi. Ulikuletea 147,000. Mwezi uliopita ulitoa kibandani kwako shilingi 387,000 ili kadi zile ziendelee kunguruma, na hapo sijagusa rejesho la SACCO, wala feni zinazochakaa, wala soda za mke wako.

Sasa chukua 147,000 ugawe kwa uniti 600 za mwezi mzima. Unapata 245. Hiyo ndiyo namba ambayo mtu yeyote anayechimba anatakiwa kuijua kabla ya kujua bei ya bitcoin: uniti moja ya umeme ikipita ndani ya mtambo wako, inatoka ikiwa sarafu ya shilingi ngapi? Kwako inaingia 890 na kutoka 245. Zile uniti 15 za mwanzo wa mwezi ambazo zimewekewa bei ya shilingi 250 ili mwenye kipato kidogo awashe taa, hata hizo mtambo wako ungezila kwa hasara. Nafuu ya wapikao kwa umeme, kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150, nyumba yenu inaivuka kabla wiki ya kwanza haijaisha, na baada ya hapo ni bei kamili mpaka mwezi ugeuke.

Picha ya kikokotoo uliyoniletea nimeikuza nikaitazama vizuri. Pale penye bei ya umeme pamejazwa sifuri. Zile dola 3 hazikuwa faida, yalikuwa mapato kabla ya kulipa hata uniti moja. Sijui kama rafiki yako alijaza sifuri makusudi, na wewe usimhukumu kabla hujamuuliza. Ila vikokotoo hivi hata visipochezewa vinapotosha watu wa kwetu. Kimoja kinachotumiwa sana huja kikiwa kimejazwa senti 10 za dola kwa uniti. Wewe unalipa kama senti 25. Anayekiamini bila kubadilisha namba hiyo anahesabu umeme wa nchi nyingine.

Tena kuna hili la bitcoin, ambalo naona limekuchanganya. Kadi zako hazichimbi bitcoin. Tangu takriban mwaka 2013 bitcoin imekuwa kazi ya mashine zilizoundwa kwa shughuli hiyo peke yake, na kadi ya grafiki ikishindana nazo ni sawa na jembe kushindana na trekta. Programu yako inachimba sarafu nyingine ndogo ndogo, inaziuza, halafu inakulipa kwa bitcoin. Ndiyo maana bei ya bitcoin inaweza kupaa na wewe pale Busia usione badiliko lolote mwisho wa siku.

Sarafu iliyokuwa inalisha kadi za namna hii ilikuwa Ethereum. Naijua habari hiyo kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mwaka 2021 nilikuwa na kadi nane Jinja, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na kwa miezi kadhaa zililipa yaka, zikalipa pango, na zikabakisha. Halafu tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji kabisa. Tangu siku hiyo kumbukumbu za miamala yake zinathibitishwa na watu wanaoweka sarafu zao kama dhamana, bila mashine za kushindana. Kadi zilizokuwa zinaichimba dunia nzima zikakosa kazi kwa siku moja, zikakimbilia sarafu zilizobaki: Ethereum Classic, Ravencoin, Ergo. Sarafu hizo hutoa kiasi kilekile kwa siku, wachimbaji wawe mia au milioni. Mnapoongezeka, sahani haiongezeki. Nilikaa mbele ya skrini jioni ile nikiona mapato ya kadi zangu yanashuka saa hadi saa, na asubuhi yalikuwa hayatoshi hata nusu ya umeme.

Niliziacha ziwake miezi mitano zaidi. Nilikuwa nikijiambia kwamba wengine watachoka wazime, nami nitabaki na sahani. Wengi walizima kweli, na bado haikutosha, kwa sababu waliobaki ni wale wenye umeme wa bei ya chini kuliko wangu. Miezi ile mitano ndiyo ninayoijutia mpaka leo. Kununua kadi lilikuwa kosa la kutojua. Kuziacha ziwake nilifanya nikiwa naijua hesabu.

Kwa hiyo ninaposikia rafiki yako anakwambia uvumilie, naomba unisikilize. Amechanganya biashara mbili. Biashara ya kwanza ni kugeuza umeme kuwa sarafu. Ya pili ni kununua sarafu na kuitunza ukingoja bei. Kila moja ina hesabu yake. Tuseme yuko sahihi, bei itapanda mwakani. Zile 534,000 ulizonunulia umeme mwezi uliopita, kama ungezipeleka moja kwa moja kununua sarafu hiyohiyo, ungekuwa na zaidi ya mara tatu na nusu ya ulichopata. Anayeamini kabisa kwamba bei itapanda ana sababu zaidi ya kuzima mtambo. Sikwambii ukanunue sarafu, na mwenye deni la SACCO asithubutu. Nataka tu uone kwamba subira anayokuhubiria haina uhusiano na kadi zako. Na bei ya hizo sarafu ndogo ikipanda, kadi zilizolala makabatini kote duniani zinaamka siku hiyohiyo, na fungu lako linapungua tena.

Kuhusu kuongeza nne: kadi sita zinakula 387,000 zako kwa mwezi, kumi zitakula kama 645,000. Karatasi za kiwanja zibaki ndani ya sanduku.

Sola nayo nimeipigia hesabu. Ili upate uniti 20 kwa siku, na jua letu tulihesabie saa 5 za nguvu kamili, unahitaji paneli za kilowati 4 kabla ya kuondoa kinachopotea njiani, pamoja na betri za kubeba usiku kucha. Hiyo ni pesa kubwa kupita mtambo wenyewe. Mtu mwenye umeme mwingi hivyo hapo mpakani, penye joto na madereva wanaosubiri malori yao, angegandisha juisi na barafu. Uchimbaji unaolipa upo kweli, hata hapa karibu. Hifadhi ya Virunga, ng'ambo ya mpaka wetu na Kongo, imekuwa ikichimba bitcoin tangu mwaka 2020 kwa umeme wa maji inaouzalisha yenyewe, ule ambao haujapata mnunuzi. Wao wana mto. Sisi tuna mita ya yaka.

Jambo la kubadilisha sarafu kuwa shilingi nalo lina hatari yake. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Uganda iliziagiza kampuni za malipo zenye leseni zisigeuze sarafu hizi kuwa pesa ya simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kupinga agizo hilo. Ndiyo maana unauziana na mtu uliyejuana naye mtandaoni. Akikudhulumu huna mlango wa kugonga, na akikulipa kwa pesa iliyoibwa kwingine, laini itakayofuatwa ni yako. Kama kuna salio limebaki, litoe kwa mafungu madogo, na kabla hujaachia sarafu angalia salio la simu lenyewe, usiamini ujumbe ulioingia. Ukimaliza, funga mlango huo.

Sasa kadi. Zina thamani bado, lakini thamani hiyo inapungua kila toleo jipya linapotoka, na hizi zako ni toleo la Desemba 2020. Usitafute mchimbaji wa kumuuzia mtambo mzima. Utampata, atakuamini kama ulivyoamini wewe, na mwakani ataandika barua kama hii. Zichomoe moja moja. Safisha vumbi kwa brashi laini, badilisha ile dawa nyeupe ya kupoza ikiwa imekauka, kisha iweke kila kadi kwenye kompyuta ya kawaida uichezeshe gemu zito nusu saa. Rekodi video fupi inayoonyesha joto lake na sauti ya feni. Mwambie mnunuzi waziwazi kwamba ilichimba sarafu. Wanunuzi wako Kampala: vijana wa gemu, wachoraji wa nyumba, na zaidi ya wote wahariri wa video za harusi, ambao wanahangaika na kompyuta zinazokwama katikati ya kazi. Fremu na pawa saplai uza peke yake.

Kadi moja ningekushauri ubaki nayo, iingie kwenye kompyuta ya kibandani. Una kamera na una wateja wa picha. Kuhariri video za harusi na mazishi ni kazi ya saa chache inayolipwa kwa shilingi, na kadi ikimaliza kazi inazimwa.

Pesa ya kadi tano mpe dada yako, yote, hata kama haifiki milioni 3 na nusu. Najua SACCO ina riba na hesabu ya kawaida ingesema uanze nayo. Lakini SACCO ina ratiba ya rejesho unayoweza kwenda kuongea nao, na mvua haina. Mpigie simu leo kabla hujauza chochote, umwambie kilichotokea na kwamba bati zinaanza kurudi. Deni la SACCO utalilipa kwa zile 387,000 ulizokuwa ukizipoteza kila mwezi: ukizipeleka kule bila kuruka, milioni 2 na laki 6 zinamalizika katika miezi saba hivi, ukiacha riba.

Nimeliacha la mke wako hapa mwisho kwa sababu hilo huwezi kulifanya kwa simu. Kaeni wawili jioni, watoto wakiwa wamelala. Fungua ujumbe wote wa yaka ulionunua miezi hii miwili, mmoja baada ya mwingine, na yeye aandike kwenye daftari wewe ukisoma. Usimtajie jumla kabla hajaifikia mwenyewe. Halafu mwambie kwamba friji haikuwa na kosa. Friji ya namna hiyo inakula uniti moja au mbili kwa siku, na kila siku aliyouza soda za moto alikuwa anabeba mzigo wa mtambo uliokuwa umeufungia stoo. Atakasirika, na ana haki. Usijitetee kwa habari za Kampala wala za rafiki yako.

Kesho asubuhi iwashe friji wewe mwenyewe, kwenye soketi ya ukutani. Soma mita saa tatu asubuhi, uandike namba. Soma tena keshokutwa saa tatu, uandike. Niletee namba hizo mbili kwenye barua yako ijayo.

Mjomba wako